Kutoka Uani hadi Ghorofani: Malezi ya Watoto Kariakoo

Mtoto aliyezaliwa Kariakoo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alilelewa na nyumba nzima. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo. Paa lilikuwa la makuti, baadaye la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, mwishowe la mabati. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingine alikuwa mwanamke mjane au mtalaka aliyejenga kwa fedha zake, alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hivyo mtoto alipotambaa asubuhi kutoka chumbani hadi uani aliwakuta kina mama wanne watano, kila mmoja na mafiga yake, na kila mmoja na haki ya kumlisha, kumwogesha na kumkanya. Mama mzazi akienda sokoni hakuhitaji kuaga kwa maneno mengi. Mtoto yuko uani, na uani pana watu.

Mbele, barazani, walikaa wanaume. Walicheza bao, walikunywa kahawa, na walimwona kila apitaye. Mtoto aliyepigana njiani akitoka chuo cha Kurani aliadhibiwa na mzee wa baraza la kwanza lililomwona, habari zikatangulia kufika nyumbani, na huko akapata fungu la pili. Mzazi aliyekwenda kumgombeza mzee huyo kwa kumchapa mwanawe angeonekana yeye ndiye asiye na adabu.

Mtaa wenyewe ulipata jina lake katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na kwenye uwanda ulio magharibi ya Mnazi Mmoja wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ililigeuza jina hilo likawa Kariakoo. Vita vilipokwisha, viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na mitaa mingi ikapewa majina ya makabila na mahali: Nyamwezi, Gogo, Somali, Pemba, Mafia, Kongo. Utawala uliugawa mji kanda tatu. Wazungu walikaa Uzunguni, Wahindi wakakaa Uhindini, na Waafrika wakapewa Kariakoo na baadaye Ilala, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kama mpaka.

Waliokuja kukaa hapo hawakuwa watu wa ukoo mmoja. Kulikuwa na Wazaramo, ambao wazee wao walikuwa hapa tangu enzi za Mzizima, kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Kulikuwa na Wandengereko na Warufiji kutoka kusini, Wanyamwezi na Wamanyema walioshuka na misafara ya bara, Wayao, na familia za askari waliochukuliwa na Wajerumani kutoka Sudan na Msumbiji. Kwa Wazaramo na Wayao ukoo ulifuatwa kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya mtoto kuliko baba alivyopenda. Kwa wengine mtoto alikuwa wa baba bila mjadala. Watu hao walikutana katika ua mmoja, na kilichowawezesha kulea pamoja ni adabu ya pwani, ambayo kila mgeni aliyetaka kuhesabiwa mtu wa mji aliikubali.

Adabu hiyo ilikwisha kuandikwa kabla Kariakoo haijawepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa habari zilizokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Humo mtoto anafuatwa tangu mimba hadi harusi. Mambo mengi ya pwani ya Mrima aliyoyaeleza Mtoro yalikuwa yangali hai Kariakoo miaka 50 baadaye. Mtoto mchanga hakutolewa nje ovyo kabla ya arobaini. Alipoanza kusema, neno la awali alilodaiwa ni shikamoo. Alifundishwa kupokea kwa mikono miwili, kutopita mbele ya wakubwa wanaokula, kutokatiza mazungumzo na kutomtaja mkubwa kwa jina tupu. Mtoto mwema alikuwa mtoto anayetumika: akitumwa dukani alikwenda, akitumwa na jirani alikwenda pia, na hakuuliza sababu.

Chuo kilikuwa mkono wa pili wa malezi. Mtoto wa miaka sita au saba alipelekwa na baba yake kwa mwalimu wa Kurani, na neno la makabidhiano lilijulikana na wote: nyama ni yako, mifupa ni yangu. Maana yake mwalimu ana ruhusa ya kuchapa, ilimradi asivunje. Watoto waliketi mkekani, wakasoma kwa sauti kila mmoja mahali pake, na mkwaju wa mwalimu ulifika hadi safu ya nyuma. Ukali huo haukuwa siri, wala mzazi hakuuonea haya. Uliaminika kuwa sehemu ya elimu yenyewe, na aliyehitimu alisherehekewa mtaa mzima.

Mtu wa leo akiyasoma haya anaweza kudhani kwamba Kariakoo ya zamani ilikuwa jela ya watoto. Isingekuwa haki kuihukumu hivyo, kwa sababu ukali ule ulikuwa na milango ya kutokea, na milango hiyo iliwekwa na desturi yenyewe. Mkubwa kuliko yote ulikuwa kwa bibi na babu. Baba na mtoto walitengwa na heshima, lakini babu na mjukuu waliunganishwa na utani: bibi alimwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, babu akamwita mjukuu wa kike mke wangu, na maneno ambayo mtoto asingethubutu kuyatamka mbele ya baba aliyatema kwa bibi akacheka naye. Mtoto aliyekosa alikimbilia kitandani kwa bibi, na hapakuwa na baba wa kuingia humo na fimbo. Kulikuwa na watani wa kabila pia. Mzaramo na Mnyamwezi walitaniana tangu enzi za misafara, na mpangaji mtani aliweza kumwingilia mwenzake akimwadhibu mtoto na kumwondoa mkononi mwake kwa mzaha, bila yeyote kuvunjiwa heshima. Mtoto mmoja, kwa siku moja, alipitia mikono mikali na mikono laini, na kila mkono ulijua kwamba mwingine upo. Mkono mmoja haulei mwana, na wasemaji wa methali hiyo waliiishi.

Mambo ya mwili na ndoa yalitolewa kabisa mikononi mwa wazazi. Mama hakuzungumza na bintiye juu ya hedhi, wala baba na mwanawe juu ya unyumba. Haya iliwazuia, na desturi ikawapa watu wengine kazi hiyo. Mvulana alipelekwa jandoni, akatahiriwa na ngariba, akakaa kumbini pamoja na wenzake huku nyakanga akiwafunza kwa nyimbo na mafumbo. Msichana aliyevunja ungo alikuwa mwali, akawekwa ndani, akakabidhiwa kwa somo au kungwi. Kwa Wazaramo mwali alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, akakitunza kama mtoto, akikipaka mafuta na kukitengeneza nywele. Kwa kisanamu hicho msichana alijifunza ulezi kabla ya kuzaa. Kukaa ndani huko kungeweza kuchukua miezi, na zamani hata miaka, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma.

Somo alikuwa rafiki wa maisha, na wanawake wengi walimwendea hata baada ya ndoa pale mambo yalipoharibika. Lakini uwali ulimkatia msichana njia nyingine. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1926, alisoma miaka michache tu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, kisha akaozwa angali msichana wa takriban miaka 14. Hata hivyo, ulimwengu huohuo wa wanawake uliomfungia ndio uliompa sauti: alikuja kuwa mwimbaji anayeongoza katika kikundi cha ngoma, na chama cha TANU kilipotafuta wanawake mwaka 1955, yeye na vikundi vya ngoma vya mji ndio waliowaleta. Malezi ya ndani yalimnyima shule, yakamfunza namna ya kuwakusanya watu na kuwasemesha. Mambo yote mawili ni kweli, na kulitaja moja bila la pili ni kuipunja historia yake.

Upande wa wavulana unaonekana vizuri katika familia ya Sykes. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani 1894, alikuwa mwana wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Baba yake alikufa maji mtoto angali mdogo, akalelewa na Affande Plantan, askari mwenzake baba yake, kama mtoto wa nyumba. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu, kwani rafiki wa baba ni baba. Kleist alisoma, akafanya kazi serikalini, akawa katibu wa kwanza wa African Association mwaka 1929, na wanawe, Abdulwahid aliyezaliwa 1924 akiwa mkubwa wao, aliwasukuma shuleni kwa bidii. Mtaa wa Kipata alikokaa leo unaitwa kwa jina lake.

Wazazi wa wakati huo walikuwa na tatizo ambalo wajukuu wao wamekwisha kulisahau. Shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni, na baba Mwislamu aliogopa mtoto ataingia na kofia atoke na msalaba. Wengine walichagua chuo pekee. Wengine waliunganisha: asubuhi shule ya Serikali, mchana chuo. Jumuiya ya Al Jamiatul Islamiyya, ambayo Kleist alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ilijenga shule Kariakoo miaka ya 1930 ili mtoto apate herufi zote mbili chini ya paa moja. Hapo ndipo lilipoingia jambo jipya katika malezi ya mtaa. Mtoto alianza kujua kitu ambacho mzazi hakijui, akawa msomaji wa barua za nyumba nzima, na wazee walilazimika kumngojea amalize.

Mji ulikuwa ukijaa. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227 Dar es Salaam. Ya 1957 ilihesabu 128,742. Wengi wa walioongezeka walikuwa wanaume waliokuja peke yao kutafuta kazi bandarini, relini na katika nyumba za Wazungu. Chumba kimoja kilibeba vijana watatu. Wazazi wengi waliona mji si mahali pa kulelea, wakawapeleka watoto kwa bibi shamba, Kisarawe au Rufiji, na kuwarudisha wakifikia umri wa shule. Vijana waliokuja bila wazazi hawakuwa na ua wala mzee wa baraza wa kuwajibika kwake, na utawala uliwaita wahuni na kuwakamata ili warudishwe kwao. Wengine waliokolewa na mpira. Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyozaliwa 1936 kwa jina jingine, zilikuwa vilabu vya mitaa kwanza. Kijana aliyekuwa mwanachama alikuwa na wakubwa wa kumkanya, wenzake wa kumzika na mahali pa kushinda jioni. Wanahistoria wa soka huyataja hayo kwa haraka, ingawa kwa vijana wengi klabu ilikuwa malezi kamili.

Uhuru ulipopatikana 1961, Serikali ilianza kudai sehemu yake katika mtoto. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa 1962, ulihimiza vituo vya kulelea watoto wadogo, ambavyo mitaani vilijulikana kama shule za vidudu, na sheria ya kuvisimamia ilitungwa 1981. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ikawa lazima kwa kila mtoto kufikia 1977. Madarasa ya mjini yalifurika, watoto wakasoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mwali hakuweza tena kukaa ndani kwa miezi. Unyago, yaani mafunzo ya mwali, ulihamia kwenye likizo, ukawa wa wiki, kisha wa siku chache. Wavulana walipelekwa kutahiriwa hospitali. Fimbo peke yake ndiyo iliyohama bila kupungua, kutoka kwa mwalimu wa chuo hadi kwa mwalimu wa darasa lenye watoto wengi mno asiowajua kwa majina. Tofauti ni kubwa. Mwalimu wa chuo alikaa mtaa uleule, akala pilau ya hitima nyumbani kwa mtoto aliyemchapa.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyotikisa nyumba ya vyumba sita kuliko vita na sensa zote. Mshahara wa mfanyakazi haukutosha chakula cha mwezi. Kina mama wakaanzisha miradi: vitumbua, maandazi, barafu, karanga, mchicha. Mtoto aliyekuwa anatumwa dukani sasa alitumwa kuuza, na ukubwa wake ukapimwa kwa chenji aliyoirudisha kamili. Wapo waliojifunza hesabu na ujasiri barabarani ambao darasa lisingewapa. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanatoka katika malezi hayo. Wapo pia waliopotelea hukohuko. Karibu na soko jipya, lile la zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, walionekana watoto wasiorudi nyumbani jioni, wakiuza mifuko ya rambo, wakibeba mizigo, wakilala vibarazani mwa maduka. Mwaka 1992 Jean Pruitt, sista wa Maryknoll, alianzisha Dogodogo Centre katikati ya jiji kwa ajili ya wavulana hao. Msamiati wa Kiswahili uliongezewa neno chungu: watoto wa mitaani. Zamani mtoto wa mtaa alikuwa mtoto mwenye wazazi wengi kupita kiasi. Sasa jina lilelile, kwa tofauti ya herufi chache, lilimtaja asiye na mzazi hata mmoja.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo wataalamu wa saikolojia walikuwa wakipanga malezi kwa mafungu. Diana Baumrind, aliyechunguza watoto wadogo na wazazi wao huko Berkeley, California, miaka ya 1960, alitofautisha mitindo mitatu: malezi ya amri, ambayo mzazi hudai utii bila maelezo, malezi ya kuachia, ambayo mtoto hudekezwa bila mipaka, na malezi yanayoshika mamlaka huku yakieleza na kusikiliza. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza la nne, la kutelekeza. Tafiti nyingi za Marekani ziliona kwamba watoto wa fungu la mamlaka na mazungumzo hujiamini zaidi na husoma vizuri zaidi, na kwamba waliotelekezwa huumia kuliko wote. Mafungu haya yanafaa, lakini yalipimwa katika nyumba ya baba, mama na watoto wao. Mtoto wa uani Kariakoo alipata amri kwa baba, mazungumzo kwa somo, kuachiwa kwa bibi, na hakutelekezwa kwa sababu hapakuwa na mahali pa kutelekezewa. Kumwita baba yake mkali na kuishia hapo ni kupima chumba kimoja na kutangaza ukubwa wa nyumba.

Kipimo cha Baumrind kilianza kuifaa Kariakoo pale nyumba zilipovunjwa. Biashara ilipofunguliwa, hasa tangu miaka ya 1990, kiwanja cha Kariakoo kilikuwa mali kuliko nyumba iliyokuwa juu yake. Warithi waliuza au waliingia ubia, ghorofa zikainuka, maduka chini na stoo juu. Baraza likawa meza ya machinga. Familia zilizobaki zilipanda ghorofani, katika nyumba zenye mlango mmoja wa chuma, ambako mama na baba wote hutoka alfajiri na mtoto hubaki na dada wa kazi, mara nyingi msichana mdogo kutoka mkoani asiyejua hata jina la jirani. Dar es Salaam ilitunga jina la mtoto anayekua hivyo: mtoto wa geti kali. Baba aliyerithi ukali wa barazani anautumia ndani ya kuta nne ambamo hakuna bibi wa kukimbiliwa wala mtani wa kuingilia. Ukali ni uleule, milango yake ya kutokea haipo. Hilo ndilo badiliko zito kuliko yote katika malezi ya mtaa huu, na halitajwi inavyostahili kila wazee wanapolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawachapwi.

Wanachapwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2009, uliochapishwa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufikia miaka 18, na kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza mateso na adhabu za kudhalilisha, lakini iliacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi, na viboko shuleni vimebaki chini ya kanuni. Kuhusu ndoa, Sheria ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliviona vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo 2019. Kazi ya somo, kwa wanawake wengi wa mjini, imehamia kwenye kicheni pati, jioni moja ya mafunzo na zawadi kwa bibi harusi aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Waliouza viwanja Kariakoo walihamia Mbagala, Tandika, Buguruni na Gongo la Mboto. Wengi walijenga huko nyumba za vyumba sita, safari hii kwa matofali ya saruji, wakapangisha, wakaacha ua nyuma. Kariakoo yenyewe inapata watoto wake mchana. Hufika na mama zao wauza mboga na wauza mitumba, hulala juu ya khanga chini ya meza, hubebwa na muuzaji wa meza ya pili wakilia, na jioni hurudi Mbagala kwa daladala.